Pauni 400 za Kuchapisha Baada ya Kifo: Kisa cha Charles Darwin na Muswada Uliolala

Tarehe 5 Julai 1844, Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza wa viumbe hai, akiwa na umri wa miaka 35, alimwandikia mkewe Emma barua ya kufunguliwa iwapo yeye angefariki ghafla. Alimweleza kwamba alikuwa amemaliza rasimu ya nadharia yake kuhusu chanzo cha spishi, yaani aina za viumbe, na kwamba, kama alivyoamini, iwapo itakuja kukubaliwa hata na mwamuzi mmoja tu mwenye ujuzi, itakuwa hatua kubwa katika sayansi. Kwa hiyo alimwomba, kama ombi lake la mwisho na lililo zito kabisa, atenge pauni 400 kwa ajili ya kuichapisha na amtafute mtu wa kuihariri. Akaorodhesha majina ya wanasayansi ambao wangefaa kwa kazi hiyo. Rasimu yenyewe ilinakiliwa kwa mwandiko safi, ikafikia kurasa zipatazo 230. Kisha Darwin akaiweka, akaendelea na maisha yake katika kijiji cha Downe, kusini-mashariki mwa London, na muswada ukalala miaka 14.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama kisa cha sayansi. Hapa ninakichambua kama kisa cha mtu aliyejua la kufanya, akawa na uwezo wa kulifanya, na asilifanye. Msomaji anaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu nadharia yenyewe. Uchambuzi huu hautegemei akubaliane nayo, kwa kuwa jambo linaloangaliwa ni mwenendo wa mwenye nadharia na wala si ukweli wa nadharia.

Nimeanza na barua kwa makusudi. Mtu anapochelewesha jambo kubwa, maelezo anayojipa mwenyewe kwa kawaida ni kwamba kazi haijaiva: bado anakusanya ushahidi, bado kuna sura moja ya kurekebisha, bado hajasoma kitabu fulani. Maelezo hayo yanaweza kuwa ya kweli, na ndiyo maana ni vigumu kuyapinga. Lakini mtu mwenye shaka na ubora wa kazi yake haachi fedha ili ichapishwe akifa. Angeagiza ichomwe, au angenyamaza tu. Darwin aliridhia ulimwengu uisome rasimu ile ile, katika hali ile ile, kwa sharti moja: yeye asiwepo. Ukiisoma barua kwa jicho hilo, inajibu swali ambalo kila mtu aliyekwama angepaswa kuulizwa: je, ungekubali kazi hii itolewe leo kama usingekuwepo kuyasikia yatakayosemwa? Anayejibu hapana, huenda kweli kazi yake haijaiva. Anayejibu ndiyo amekwisha kiri kwamba kilichokwama ni yeye mwenyewe.

Sasa tuone alifikaje hapo. Darwin alisafiri kwa meli ya Beagle kuanzia Desemba 1831 hadi Oktoba 1836. Julai 1837 alifungua daftari la kwanza kuhusu kugeuka kwa spishi, na Septemba 1838, aliposoma maandishi ya Thomas Malthus juu ya ongezeko la watu, akakipata kiini alichokuwa anakitafuta: viumbe huzaliwa wengi kuliko wanaoweza kuishi, tofauti ndogo humpa mmoja nafasi nzuri kuliko mwenzake, na tofauti hizo zinaporithiwa vizazi kwa vizazi hatimaye huzaa spishi mpya. Mwaka 1842 akaandika muhtasari wa kurasa 35 kwa penseli. Ukihesabu tangu alipokipata kiini hadi kitabu chake kuhusu nadharia hiyo kilipotoka mwaka 1859, ni miaka 21.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba mtu huyu alikuwa wa kusitasita kwa tabia, na hapo uchambuzi ungeishia. Lakini kuna karatasi nyingine, ya mwaka ule ule wa 1838, inayotuzuia. Katikati ya mwaka huo Darwin aligawa karatasi pande mbili, upande mmoja akaandika kuoa na wa pili kutooa, akaanza kuorodhesha. Upande wa kuoa aliweka watoto, mwenzi wa daima na rafiki wa uzeeni, ambaye, aliandika, kwa vyovyote ni bora kuliko mbwa. Upande wa pili aliweka kupotea kwa muda, fedha kidogo za vitabu na wajibu wa kuwatembelea ndugu. Mwisho akaandika mara tatu kwamba aoe, akaongeza herufi za Kilatini ambazo wanahisabati huziweka wanapomaliza kuthibitisha jambo. Novemba akamposa binamu yake Emma Wedgwood, na tarehe 29 Januari 1839 wakafunga ndoa. Kwa hiyo alijua kuamua, tena haraka, katika jambo ambalo watu wengi huhangaika nalo kwa miaka. Tofauti haikuwa katika tabia yake. Katika ndoa, gharama za kuchelewa alikuwa akiziona: upweke na uzee aliviandika kwa mkono wake. Katika kuchapisha, gharama zote alizoziona zilikuwa upande wa kutenda, na upande wa kutotenda ulionekana hauna gharama yoyote. Orodha ya pande mbili ya kuchapisha na kutochapisha hakuiandika.

Je, aliogopa nini hasa? Ni kawaida kusema aliogopa kanisa, au jamii, au ulimwengu. Sidhani. Walimwengu hawana sura, na mtu haogopi kitu kisicho na sura kwa miaka 20. Nikizifuata barua zake ninakutana na majina machache. La kwanza ni Emma, mcha Mungu, ambaye mwanzoni mwa ndoa yao alimwandikia kwa upole kwamba anahofia mashaka ya mumewe yatawatenganisha milele. Darwin aliitunza barua hiyo maisha yake yote, na pembeni akaandika kwamba ameibusu na kuililia mara nyingi. La pili ni John Stevens Henslow, kasisi na mtaalamu wa mimea, mwalimu wake wa Cambridge aliyemfungulia mlango wa safari ya Beagle. La tatu ni Adam Sedgwick, aliyemfundisha jiolojia mashambani, mtu wa dini na mkali wa kalamu. Watu hawa hawakuwa maadui. Walikuwa watu aliowapenda na waliomfanya awe alivyo, na hapo ndipo hofu yake ilipopata uzito.

Januari 1844, miezi kadhaa kabla ya ile barua ya pauni 400, alijaribu kumfungulia mtu moyo. Alimwandikia Joseph Hooker, mtaalamu kijana wa mimea waliyefahamiana karibuni, kwamba anakaribia kusadiki, kinyume kabisa na maoni aliyoanza nayo, kwamba spishi si vitu visivyobadilika, na katika mabano akaongeza kuwa kusema hivyo ni kama kukiri mauaji. Sentensi hiyo inanukuliwa kila mahali. Jibu la Hooker halinukuliwi sana, nalo kwa kisa chetu ndilo lenye uzito. Hooker alijibu kwa utulivu kwamba huenda kweli kuna mabadiliko ya polepole ya spishi, na kwamba atafurahi kusikia Darwin anadhani yalitokeaje, kwa kuwa hakuna maelezo yaliyopo yanayomridhisha. Mtu alikiri mauaji, na msikilizaji akavuta kiti asikilize vizuri.

Hili lilikuwa jaribio la kwanza la hofu yake, na matokeo yake yalikuwa kinyume cha alivyotarajia. Darwin hakuyatumia. Alimpata Hooker kuwa msiri, jambo ambalo baadaye lilikuja kumwokoa, lakini hakujiuliza kama wengine nao wangeweza kuitikia vivyo hivyo. Hofu ina desturi ya kuhesabu ushahidi upande mmoja: jibu baya linathibitisha kanuni, jibu jema linaitwa bahati.

Na ushahidi wa upande mbaya haukukawia. Oktoba 1844 kilitoka London kitabu kisicho na jina la mwandishi, kilichodai kwamba viumbe vyote vimekua kwa hatua kutoka viumbe duni. Kiliuzwa sana, na wanasayansi wakakishambulia vilivyo. Mwaka 1845 Sedgwick, yule yule mwalimu, alichapisha tahakiki ndefu yenye hasira. Darwin alimweleza rafiki yake mwanajiolojia Charles Lyell kwamba aliisoma kwa hofu na kutetemeka. Katika sentensi hiyo hiyo alisema alifurahi kuona kwamba hakuna hoja hata moja ya Sedgwick ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameishaifikiria. Hebu tulitazame jambo hili kwa karibu. Mkosoaji mkali kuliko wote ametumia silaha zake zote, hadharani, dhidi ya kazi ya mtu mwingine, na Darwin amegundua kwamba majibu anayo. Akili yake ilipokea habari njema. Tumbo lake, ambalo tayari lilikuwa linamsumbua kwa kutapika na maumivu ya miaka mingi, lilipokea habari mbaya. Tumbo likashinda.

Tarehe 1 Oktoba 1846 akaanza kazi nyingine. Katika vielelezo alivyovileta kutoka pwani ya Chile kulikuwa na kiumbe kimoja kidogo cha ajabu, cha jamii ya wale wa baharini wenye magamba magumu wanaojigandisha kwenye miamba na matumboni mwa meli, ndugu wa mbali wa kaa na kamba. Alitaka kukieleza katika makala fupi. Ili kukieleza ilimpasa akilinganishe na jamaa zake, na ili kuwajua jamaa ilimpasa awapasue, na alipowapasua akagundua kwamba hakuna aliyewahi kuwapanga ipasavyo. Akaagiza vielelezo kutoka kwa watafiti na makumbusho, masanduku yakamiminika Downe, naye akawa anainama juu ya hadubini siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Inasimuliwa kwamba mmoja wa watoto wake, alipokuwa nyumbani kwa jirani, aliuliza baba wa nyumba ile viumbe vyake vya magamba huwa anavifanyia kazi chumba gani, maana aliamini hiyo ndiyo kazi ya kila baba. Mwaka 1852 Darwin aliandika kwamba anavichukia viumbe hivyo kuliko mtu yeyote mwingine alivyowahi kuvichukia, hata baharia katika meli inayojikokota. Alivimaliza mwaka 1854. Makala fupi ilikuwa imekula miaka minane.

Sehemu hii ya kisa inahitaji uangalifu, kwa sababu haikuwa uvivu na haikuwa hasara. Darwin alijifunza kwa vidole vyake jinsi viumbe wa spishi moja wanavyotofautiana, jambo ambalo lilikuja kuwa nguzo ya hoja yake. Mwaka 1853 Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, ilimpa nishani kwa kazi hiyo, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumwita mpiga soga wa biolojia. Tena katika miaka hiyo aliugua sana, alimpoteza baba yake mwaka 1848, na Aprili 1851 alifiwa na binti yake Annie aliyekuwa na miaka 10. Wako wanahistoria wanaopinga kabisa wazo kwamba alichelewa kwa hofu. Wanasema alikuwa mtu wa utaratibu aliyemaliza kwanza vitabu vya safari ya Beagle, kisha viumbe vya magamba, kisha spishi, kila kimoja kwa zamu yake, na kwamba hakuificha nadharia yake kwa marafiki zake wa karibu.

Hoja hiyo ina nguvu, nami ninakubali sehemu yake. Ninapotofautiana nayo ni hapa: kazi ya kweli na kukimbia vinaweza kukaa katika meza moja, tena kukimbia hupenda sana kuvaa nguo za kazi. Anayekwepa jambo kwa kulala huona haya baada ya wiki mbili. Anayekwepa kwa kufanya kazi ngumu, yenye manufaa na inayosifiwa, anaweza kwenda hivyo hata miaka minane, na jioni akalala amechoka kwa haki. Darwin mwenyewe, alipoandika kumbukumbu zake uzeeni, alisema ana shaka kama kazi ile ilistahili muda wote iliokula. Alama ninayoitazama ni kimo cha kazi. Ilianza na kiumbe kimoja ikaishia na jamii nzima, na kila ilipokaribia mwisho mpaka wake ulisogezwa mbele. Aidha, mwaka 1854, kazi hiyo ilipomalizika, moja ya mambo aliyoyafanya ni kuichukua ile barua ya 1844 na kuandika juu yake kwamba Hooker ndiye anayefaa kuliko wote kuuhariri muswada wa spishi. Bado alikuwa anauandaa kwa ajili ya maiti.

Baada ya hapo alianza kukusanya ushahidi wa spishi kwa bidii: alifuga njiwa, alitumbukiza mbegu katika maji ya chumvi aone zitadumu muda gani, na kati ya aina 87 alikuta 64 zimeota baada ya siku 28. Majaribio mazuri sana. Lakini hapakuwa na tarehe ya mwisho, na ushahidi wa jambo kama hili haufiki mahali ukasema umetosha.

Aliyeanza kumtikisa ni Lyell. Mwaka 1855 Alfred Russel Wallace, mkusanyaji wa vielelezo aliyekuwa visiwani Asia ya Kusini-Mashariki, asiye na shahada wala mali, alichapisha makala iliyoonyesha kwamba kila spishi hutokea karibu na spishi inayofanana nayo, mahali na wakati. Lyell aliona makala hiyo inaelekea wapi. Alipotembelea Downe mwaka 1856 alieleweshwa nadharia yote, na tarehe 1 Mei akamwandikia Darwin amsihi achapishe japo kipande kidogo, hata kama ni cha njiwa tu, aweke tarehe. Nadharia hiyo Lyell mwenyewe hakuwa ameikubali. Darwin alijibu kwamba anachukia wazo la kuandika kwa ajili ya kuwa wa kwanza, ingawa kwa hakika angeudhika kama mtu mwingine angemtangulia. Kwa mara ya kwanza upande wa pili wa karatasi ulikuwa umeandikwa kitu: kutotenda kuna gharama. Mei hiyo hiyo akaanza kuandika.

Lakini tazama alichofanya na ushauri huo. Aliambiwa achapishe kipande kidogo, yeye akaanzisha kitabu kikubwa mno, chenye kila ushahidi na kila rejeo. Miaka miwili baadaye alikuwa na sura kumi na ushee, na mwisho haukuonekana. Ninaona hapa hofu ile ile ikiwa imebadili mbinu: iliposhindwa kumzuia asianze, ilimwongezea ukubwa wa kazi hadi isimalizike. Kitabu kisicho na pengo hata moja hakiwezi kushambuliwa, na kwa sababu hiyo hiyo hakiwezi kukamilika.

Februari 1858 Wallace, akiwa na homa za vipindi katika visiwa vya Maluku, alikumbuka maandishi yale yale ya Malthus na kukipata kiini kile kile. Kwa maelezo yake mwenyewe, alingoja homa ishuke, akaanza kuandika jioni ile, akamaliza katika jioni mbili zilizofuata, akaituma makala kwa meli ya posta iliyofuata. Aliituma kwa Darwin, akimwomba aipeleke kwa Lyell kama ataona inafaa. Siku tatu dhidi ya miaka 20. Nasema hivi bila kumpa Wallace taji la ujasiri, kwa maana yeye hakuwa na Sedgwick wa kumhuzunisha wala jina la kulinda. Hata hivyo inaonyesha kwamba wazo lenyewe, kwa umbo dogo la kutosha kusomeka, halikuhitaji zaidi ya kurasa chache na stempu.

Katikati ya Juni 1858 bahasha ilifika Downe. Darwin alimwandikia Lyell kwamba onyo lake limetimia kikamilifu, na kwamba hata kama Wallace angekuwa na ile rasimu ya 1842 mbele yake asingeweza kuitengenezea muhtasari bora zaidi. Uasilia wake wote, alisema, utavunjikavunjika. Nyumbani, siku hizo, mtoto wake mdogo wa mwaka mmoja na nusu alipata homa ya vipele vyekundu. Siku chache baadaye akaandika tena kwamba angependelea kukichoma kitabu chake chote kuliko Wallace au mtu mwingine amdhanie kuwa ametenda kwa hila. Tarehe 28 Juni mtoto alifariki.

Lyell na Hooker wakaichukua kazi mikononi mwao. Walikusanya dondoo kutoka rasimu ya 1844, barua ambayo Darwin alimwandikia mtaalamu wa mimea wa Marekani, Asa Gray, mwaka 1857, na makala ya Wallace, vyote vikasomwa mbele ya Linnean Society ya London, chama cha wanasayansi wa viumbe, tarehe 1 Julai 1858. Darwin hakuwepo, alikuwa msibani. Wallace hakuwepo pia, wala hakuulizwa, jambo ambalo mpaka leo linawakera watu, na mimi ni mmoja wao, ingawa yeye mwenyewe alilipokea kwa ukarimu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kutoka hadharani, ambayo Darwin aliiogopa tangu ujana, haikuchukuliwa naye. Ilichukuliwa na marafiki wawili, siku ambazo yeye hakuwa na nguvu hata ya kukataa.

Na nini kilitokea? Karibu hakuna. Waliohudhuria walisikiliza wakaenda zao. Mei 1859 rais wa chama hicho, Thomas Bell, akipitia mwaka uliopita, alisema haukuwa na ugunduzi wowote wa kushtua. Tukio ambalo mtu alilikimbia kwa miaka 20 lilipita bila dirisha kuvunjwa.

Baada ya mazishi familia ilienda Kisiwa cha Wight, na hapo, tarehe 20 Julai 1858, Darwin alianza kuandika alichokiita muhtasari. Neno hili ndilo lililomfungua, na ninalishikilia kuliko mengine yote katika kisa hiki. Kitabu kikubwa kilipaswa kumaliza kila ubishi. Muhtasari una haki ya kuwa na mapengo. Ndani yake aliweza kusema kwamba ushahidi kamili utakuja baadaye, akaendelea na sentensi inayofuata. Alishikilia sana kwamba neno hilo liwe katika jina la kitabu, mpaka mchapishaji wake, John Murray, akamkatalia. Kwa kazi ya miezi 13, akiwa mgonjwa yule yule, mwenye tumbo lile lile na watu wale wale wa kuogopa, alimaliza kitabu ambacho kilimshinda kwa miongo miwili. Uwezo wake haukuongezeka. Kilichopungua ni ukubwa wa ahadi aliyokuwa amejiwekea, na kilichoongezeka ni kwamba sasa kuchelewa kulikuwa na sura na jina la mtu, kama vile hofu ilivyokuwa nayo tangu mwanzo.

Kitabu kilitoka tarehe 24 Novemba 1859, nakala 1,250, na wauza vitabu walizichukua zote siku mbili kabla. Mwandishi hakuwa London. Alikuwa Ilkley, kaskazini mwa Uingereza, katika nyumba ya tiba ya maji baridi, akituma nakala pamoja na barua za kuomba radhi kwa wale aliowaogopa. Sedgwick alimjibu kwamba amekisoma kwa uchungu zaidi kuliko furaha, na kwamba sehemu nyingine zilimchekesha mpaka mbavu zikamuuma. Ilikuwa barua kali, hasa alivyoitarajia tangu 1845. Lakini Sedgwick aliitia saini akijiita, licha ya tofauti zao, rafiki yake wa zamani mwenye moyo wa kweli. Henslow hakukubaliana naye, na hakumkana. Emma aliendelea kumsomea riwaya jioni na kumwuguza. Hukumu aliyoiogopa ilikuja, tena kwa maneno makali, ila ilikuja kutoka kwa watu waliobaki kuwa watu wake. Katika miaka yote ya kuikadiria hofu hiyo, sehemu hii ya hesabu hakuwahi kuiweka.

Haingekuwa haki kusema kwamba alipona. Tarehe 30 Juni 1860, nadharia yake ilipojadiliwa kwa makelele Oxford mbele ya mamia ya watu, Darwin alikuwa tena katika nyumba ya tiba ya maji, anaumwa, akisubiri barua ya Hooker imweleze yaliyotokea. Mijadala ya hadharani hakuhudhuria hata baada ya hapo. Lakini kufikia wakati huo toleo la pili la nakala 3,000 lilikuwa limetoka Januari, naye alikuwa ameanza kukusanya makosa ya kurekebisha katika la tatu. Matoleo yalikuja kufika sita, la mwisho mwaka 1872. Kitabu kikubwa kisicho na pengo kilibaki kwenye karatasi, hakikumalizika kamwe, na sura zake zilizosalia zilichapishwa mwaka 1975.